Tairi Huumia Mlimani, Hupasukia Mikumi

Kinachobeba gari barabarani ni upepo. Mpira, nyuzi na waya za chuma zilizosukwa ndani ya tairi zina kazi ya kuufungia upepo huo usitoke, kuupa umbo na kushikana na ardhi. Gari dogo la kilo 1,300, la aina zinazopishana kila dakika pale Msamvu mjini Morogoro, hugawa uzito wake kwa magurudumu manne, na kila tairi lenye upepo sahihi hugusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima. Breki, kona, mwendo na utulivu wa gari kwenye maji hutegemea viganja hivyo vinne. Injini inaweza kuwa mpya na dereva akawa hodari, lakini hakuna afanyalo kwenye usukani wala kwenye pedeli lisilopitia hapo.

Morogoro iko kama kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, kwenye mwinuko wa takriban mita 500, chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Msamvu ndipo barabara kuu inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Dodoma kupitia Dumila na Gairo, mwingine unakwenda Iringa, Mbeya na mpakani mwa Zambia kupitia Mikumi. Kuna pia barabara zinazopanda milimani. Ile ya Bigwa huelekea Mkuyuni, Matombo na Kisaki, na nyingine huachana na barabara ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mzumbe na kupanda hadi Langali na Nyandira katika tarafa ya Mgeta. Fuso lililopakia kabichi, karoti na viazi Nyandira, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 na baridi ya asubuhi, jioni huwa limeshuka kwenye joto la tambarare likielekea masoko ya Dar es Salaam.

Safari ya namna hiyo hulipa tairi kazi mbili zisizofanana. Mlimani tairi hujeruhiwa na mawe yenye ncha, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na mashimo yanayobana ubavu wake dhidi ya rimu. Tambarare hupata joto, kwa sababu mwendo ni mkubwa na lami imeungua jua mchana kutwa. Jeraha la mlimani aghalabu halipasui tairi papo hapo. Uzi mmoja au mbili hukatika kwa ndani, nje hakuonekani kitu, na gari hurudi mjini salama. Siku kadhaa baadaye, likiwa limejaa abiria na likikimbia kuelekea Doma au Mikumi, sehemu ile dhaifu huachia. Dereva husema tairi limepasuka ghafla, na kweli kishindo kilikuwa cha ghafla. Chanzo chake kilikuwa kimekaa siku nyingi.

Joto linaloua tairi kwa sehemu kubwa hutoka ndani ya tairi lenyewe. Sehemu inayogusa ardhi hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake inapoinuka, na kila mpira unapopindwa na kuachiwa huzalisha joto kidogo. Tairi la kawaida la gari dogo huzunguka karibu mara 500 katika kila kilomita. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sehemu ileile hubonyea zaidi ya mara 800 kwa dakika moja. Upepo ukiwa sahihi, mpindo ni mdogo na joto hupotelea hewani. Upepo ukipungua, ubavu hupinda zaidi, joto huongezeka kuliko linavyoweza kupoa, mshikamano wa mpira na mikanda ya chuma hulegea, tabaka huanza kuachana, na hatimaye tairi hubanduka ngozi au kupasuka. Kuzidisha mzigo huleta madhara yaleyale hata kama upepo ni sahihi. Tairi lenye upepo pungufu, gari lenye mzigo uliozidi na mchana wa jua kali vikikutana, ajali huwa inasubiri umbali tu.

Marekani ililipa gharama kubwa kulijua hilo. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilianza kurudisha kiwandani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer, baada ya mfululizo wa ajali ambazo ngozi ya tairi ilibanduka gari likiwa kasi. Visa vingi vilitokea kwenye majimbo ya kusini yenye joto, na pamoja na kasoro za utengenezaji, kiwango kidogo cha upepo kilichopendekezwa kwa gari lile, psi 26 (psi ni kipimo cha presha), kilikuwa sehemu ya mjadala. Sheria iliyotungwa mwaka huohuo ndiyo iliyofanya magari mapya ya nchi ile yafungwe kifaa cha kumtahadharisha dereva upepo unapopungua, jambo lililokamilika kuanzia Septemba 2007. Japani haikuweka sharti kama hilo, na magari mengi yanayotembea Morogoro yalitoka Japani. Kwa hiyo mengi hayana taa ya kuonya, na kazi ya kujua upepo umebaki kiasi gani imebaki kwa mwenye gari.

Kiwango sahihi hakitafutwi kwa kubahatisha wala kwa kumuuliza fundi. Kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani yana maandishi ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 220 kPa ni sawa na psi 32, 200 ni 29, 240 ni karibu 35. Mara nyingi kuna mistari miwili, mmoja wa matairi ya mbele na mwingine wa nyuma, na kwenye magari ya mizigo kuna kiwango cha gari tupu na cha gari lililopakia. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kitu kingine. Hiyo ni kikomo ambacho tairi haliruhusiwi kuvuka, na anayeijaza hiyo kama kiwango cha kila siku hupata tairi gumu linalodunda, kushika barabara vibaya na kulika katikati.

Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, yaani kabla gari halijatembea au baada ya kupumzika saa tatu hivi. Gari likishakimbia kutoka Chalinze hadi Morogoro, presha huwa imepanda kwa psi 4 au zaidi kwa sababu ya joto. Dereva anayepima wakati huo akaona 36, akapunguza hadi 32, kesho asubuhi atakuta 28, na ataanza safari akiwa na upepo pungufu alioutengeneza mwenyewe. Kosa hilo hufanywa na watu makini kabisa, wanaojali magari yao.

Wanaopanda na kushuka milima huuliza kama mwinuko nao hubadilisha upepo. Hubadilisha, kwa njia mbili zinazovutana. Geji husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Nyandira hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Morogoro mjini, hivyo geji ingeonyesha karibu psi 2 zaidi kama joto lingekuwa lilelile. Lakini kule kuna baridi, kwa kawaida nyuzi 7 hivi chini ya mjini, na baridi hupunguza presha kwa psi 1 au zaidi kidogo. Tofauti inayobaki ni ndogo mno kumsumbua mtu. Aliyejaza vizuri mjini asubuhi hana haja ya kugusa vali akifika Mgeta.

Kwenye malori na mabasi, utingo huzunguka gari akigonga matairi kwa chuma au kwa spana na kusikiliza. Tairi lililojaa hulia kwa ukali na chuma hurudi mkononi kwa nguvu. Lililoisha hutoa mlio wa bwete na chuma hunata. Desturi hii ina manufaa makubwa kwa matairi pacha ya nyuma, ambako la ndani linaweza kuwa tupu huku la nje likibeba mzigo wa mawili pasipo kuonekana. Hata hivyo sikio hutambua tairi lililokwisha upepo. Haliwezi kutofautisha tairi la lori lenye psi 110 na lile lenye 85, na hiyo ya pili tayari inatosha kulichemsha. Macho nayo hudanganya, kwa sababu tairi la kisasa la waya hutanuka kidogo chini hata likiwa na upepo kamili. Kinachosema kweli ni geji, na geji ndogo ya mfukoni ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa ambavyo mwenye gari anaweza kununua. Mara moja kila wiki mbili inatosha kwa gari dogo, na kabla ya kila safari ndefu. Gari la abiria linalofanya kazi kila siku linastahili kipimo cha kila asubuhi. Kifuniko cha vali, kile kidogo kinachopotea kwa urahisi, kina kazi ya kuzuia vumbi na matope yasiingie na kulegeza pini ya ndani, na tope jekundu la Uluguru huingia kila mahali.

Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na masika ya Machi hadi Mei huifanya barabara kuu nayo ijae maji, hasa maeneo ya mabondeni. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara ya Dodoma pale Magole, jirani na Dumila. Lakini gari halihitaji mafuriko ili lipoteze mshiko. Tairi linapokimbia juu ya maji ni lazima liyasukume pembeni na kuyapitisha kwenye mifereji yake. Likishindwa, kabari ya maji hujipenyeza chini yake na kuliinua, na kuanzia hapo usukani na breki havina maana. Majaribio ya NASA ya miaka ya 1960, yaliyolenga magurudumu ya ndege, yalionyesha kwamba mwendo ambao tairi huinuliwa hutegemea sana presha yake. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio hayo, tairi lenye psi 32 huanza kuelea kwenye maji yaliyotuama linapokaribia kilomita 94 kwa saa. Lenye psi 20 huelea linapofika karibu 75. Kwa hiyo gari lenye tairi lililopungua upepo linaweza kuelea kwenye mwendo ambao dereva wake anauona ni wa kiungwana.

Mifereji ya tairi ndiyo njia ya maji hayo. Ndani yake kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyopangwa mahali kadhaa kuzunguka tairi, na ubavuni huonyeshwa kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Ngozi ya tairi ikilika hadi kuwa sawa na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na tairi limekwisha. Kwa anayepita milimani wakati wa masika, milimita 3 tayari ni kidogo. Tairi kipara kwenye lami kavu linaweza kumpumbaza mtu, maana linashika vizuri tu. Kasoro yake hujitokeza siku ya mvua ya kwanza ya vuli, pale vumbi na mafuta ya miezi mingi yanapochanganyika na maji machache.

Juu milimani hali ni nyingine. Kwenye tope mshiko hutoka kwenye kashata kubwa, yaani vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji, zinazochimba na kujisafisha zenyewe, ndiyo sababu Land Rover na Land Cruiser zinazobeba watu wa vijijini hufungwa matairi ya namna hiyo. Baadhi ya madereva hupunguza upepo kidogo ili tairi litanuke na kushika. Mbinu hiyo hufanya kazi kwenye tope laini na mchanga, lakini barabara za Uluguru zina tope lililofunika mawe, na ubavu uliolegea ndio unaochanika kwanza. Aliyepunguza anapaswa kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, na kama hana pampu, ni heri asipunguze. Mteremko nao una jambo lake. Dereva anayeshuka kutoka Mgeta, au anayeshuka mlima wa Kitonga akitokea Iringa, akikalia breki badala ya kushuka na gia ndogo, joto la breki huhamia kwenye rimu na kufika kwenye ukingo wa tairi. Breki zilizoungua na tairi lililopashwa moto kutoka ndani ni hatari mbili zinazozaliwa na kosa moja.

Baada ya kila safari ya mlimani, ukaguzi wa dakika chache kwa mkono hufaa kuliko maneno mengi. Kiganja hupitishwa juu ya ubavu wa nje, kisha ubavu wa ndani ambao karibu kila mtu huusahau. Kinachotafutwa ni uvimbe, mpasuko, au mkato unaoonyesha nyuzi. Uvimbe kama nusu ya limau ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kinachozuia upepo ni mpira mtupu. Tairi hilo halitengenezeki kwa namna yoyote.

Maandishi ya ubavuni yana habari nyingi kwa anayejua kuyasoma. 205/65R15 94H husomeka hivi: upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni aina ya usukaji wa nyuzi, rimu ni inchi 15. Namba 94 ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, kilo 670, na H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Anayebadilisha tairi la 94 kwa la 88, linalobeba kilo 560, amepunguza uwezo wa gari kwa kilo 440 pasipo kujua, na gari lenye kazi ya kubeba watu saba na magunia yao litamdai. Mwishoni mwa mlolongo unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Joto, jua na hewa huukausha na kuupasua vijistari vidogo. Baada ya miaka 5 tairi lichunguzwe kila mwaka, na baada ya 10 lisitumike hata kama mifereji yake ni mirefu, na hiyo ni pamoja na spea ambayo haijawahi kuguswa.

Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali na wageni na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Utomvu wake ulitoka kwa sehemu kwenye mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga katika mkoa huuhuu wa Morogoro. Kiwanda kilipofungwa, soko lilibaki na matairi ya kuagiza, na kwa wengi bei ya jipya ilikuwa mbali na mfuko. Hapo ndipo mitumba ilipopata nafasi. Kununua tairi lililotumika si dhambi, ila mnunuzi asome tarehe, apige tochi ndani ya tairi kutafuta viraka na mistari ya kusagika, na aangalie kama kuna neno STUDLESS au alama ya mlima wenye theluji. Matairi hayo yalitengenezwa kwa majira ya baridi ya Japani na mpira wake ni laini, umekusudiwa joto la chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Morogoro mwezi Novemba huyumba kwenye kona na kulika haraka ajabu. Magari mengi hushuka meli yakiwa nayo, na mwenye gari hufurahia kashata nzuri.

Lililo baya kuliko mtumba ni tairi la kuchonga. Kisu cha moto huchimba mifereji mipya kwenye tairi kipara, na tairi huonekana na uhai tena. Matairi machache ya malori hutengenezwa yakiwa na mpira wa ziada kwa ajili ya kuchongwa, na ubavuni huandikwa REGROOVABLE. Ya magari madogo hayana mpira huo, na kisu huishia karibu na waya. Dalili yake ni mifereji isiyo na vinundu vya TWI, kingo zisizo sawa, na ung'avu mweusi wa rangi iliyopakwa juu.

Namna tairi linavyolika hueleza ugonjwa wa gari zima. Kulika katikati ni upepo uliozidi, na kulika kingo zote mbili ni upepo pungufu. Ukingo mmoja ukiisha, tatizo liko kwenye alaimenti, na kabla ya kulipia alaimenti fundi aangalie kwanza bushi, boljointi na tairodi, kwani kunyoosha magurudumu ya gari lenye viungo vilivyolegea ni kutupa fedha. Mabonde mabonde kuzunguka tairi humaanisha shokapu zimechoka. Usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa kwa kawaida huomba balansi, na mara nyingine sababu ni tope lililokauka ndani ya rimu: kuosha tu kunatosha. Matairi yakihamishwa mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 huisha kwa pamoja. Na anayemudu kununua mawili tu ayafunge nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Wengi hukataa ushauri huu. Sababu yake ni kwamba matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na anaweza kupunguza mwendo, lakini ya nyuma yakiteleza gari hugeuka kabla hajajua.

Fundi wa pancha hupatikana karibu kila mahali, mbele ya tairi kuukuu lililosimikwa kando ya barabara na kuandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe. Hulizamisha tairi kwenye beseni la maji, hutazama mapovu, huchomoa msumari na kusukumia kamba ya mpira iliyopakwa gundi. Kazi hiyo humfikisha mtu nyumbani. Kwa ukarabati wa kudumu tairi litolewe kwenye rimu, kwa sababu ni ndani ndiko kunakoonekana kama liliendeshwa bila upepo likasagika, na kiraka hubandikwa kwa ndani huku tundu likizibwa. Tundu la ubavuni, au kubwa kuliko milimita 6 hivi, halizibiki kwa usalama. Kuweka kipande cha tairi jingine ndani pamoja na tyubu ili kufunika mchano hufanyika sana, na huweza kulitoa gari Kisaki. Kulipeleka Iringa kwa tairi hilo ni jambo jingine.

Spea ina masharti yake. Magari madogo mengi ya Japani huja na tairi jembamba la dharura lenye maandishi 420 kPa, yaani psi 60, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Lina kazi moja ya kufika kwa fundi. Kulivaa wiki nzima, na tena likiwa na psi 30, ni kuliomba lipasuke.

Kubadilisha gurudumu njiani huanza kwa kutafuta mahali tambarare, nje ya lami. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali, walau hatua 50 nyuma na zaidi kwenye kona. Desturi ya kutandaza matawi mabichi barabarani husaidia mchana, lakini usiku hayaonekani, na mawe yanayozuia magurudumu yakiachwa pale baada ya safari kuendelea huua mwendesha bodaboda wa nyuma. Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini. Jeki iwekwe juu ya ubao ikiwa ardhi ni laini, na mtu asiingie uvunguni. Nati zirudishwe kwa mshazari, moja na inayoielekea, kisha zikazwe gari likishashuka, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hukata kilomita 50 hivi za mbuga, tembo, nyati na simba huvuka saa zote. Tairi linalopungua taratibu linastahili kuvumiliwa kwa mwendo mdogo hadi kwenye kituo cha watu, na ikibidi kusimama, abiria wabaki ndani isipokuwa wanaofanya kazi na mmoja wa kuangalia msitu.

Tairi likipasuka gari likiwa kasi, mguu hukimbilia breki, na hapo ndipo magari mengi hupinduka. Usukani ushikwe kwa mikono miwili, gari liwekwe kwenye mstari wake, mafuta yaachiwe polepole, na breki iguswe kwa upole baada ya mwendo kupungua. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa ambacho sheria imewawekea wenye magari ya zaidi ya kilo 3,500 kina maana kubwa hapa: tofauti ya 80 na 110 ni nguvu karibu mara mbili ya kudhibiti.

Tairi lililokwisha nalo lina matumizi. Mafundi hulikata viatu vya katambuga, wakipendelea la nyuzi kwa kuwa waya hutoboa mguu, na tyubu kuukuu hukatwa mikanda ya kufungia mizigo kwenye pikipiki. Kuyachoma hutoa moshi wa sumu, na yakitupwa nyuma ya nyumba hukusanya maji ambamo huzaliana mbu wa homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Yanayofanywa bustani za maua yatobolewe chini. Na lililokataliwa kwa sababu ya uvimbe au mchano likatwe ubavu kabisa kabla ya kutolewa gereji, kwa sababu likitupwa likiwa zima litaokotwa, litachongwa, litapakwa rangi nyeusi na kurudi kwenye rundo la mitumba.